Ndoa moja, tarehe mbili: jinsi ya kusoma rekodi za ndoa za mababu wa Kiitaliano

Tangu Machi 2025 serikali ya Italia ilipobana sheria ya uraia wa kurithi, watu wanahangaika na makaratasi ya mababu kama waliopotelewa na hati ya shamba. Zamani ungeweza kudai uraia hata kupitia babu wa babu, bora tu mtu huyo awe alikuwa hai Italia ilipoungana mwaka 1861 au baadaye na asiwe amechukua uraia wa nchi nyingine kabla mtoto wake hajazaliwa. Sasa, kwa ufupi, lazima uwe na mzazi au babu au bibi ambaye alikuwa raia wa Italia tu, bila uraia mwingine. Amri ilitoka 28 Machi, Mei ikapitishwa kuwa sheria namba 74, na maswali yakamwagika.

Hapa Malindi Kiitaliano kinasemwa mpaka na wauza vinyago ufuoni, kwa hiyo maswali hayakukawia kufika. Kuna dada mmoja ambaye babu yake mzaa mama alikuwa Mwitaliano, ukoo wa Calabria kule chini kabisa, maana Italia kwenye ramani ina umbo la kiatu, na Calabria ndiyo kidole chake. Alinifuata na simu mkononi, kafungua picha ya ukurasa wa daftari la zamani. "Kaka, huyu hapa ni baba yake babu, kazaliwa 1903. Jina la baba lipo, la mama halipo, na wameandika mama hajaolewa. Ndiyo kusema alikuwa mtoto wa nje?"

Nikamwambia tulia kwanza, tutafute ndoa. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Ndoa gani tena na hapo wameandika hajaolewa?

Sasa hilo fundo wanalikuta watu wengi sana, na halifunguki mpaka ujue kitu kimoja: kule Italia kanisa na serikali kwa muda mrefu kila mmoja alikuwa na daftari lake, na kuna miaka hawakuwa wakisalimiana. Mtu anaweza kuwa ameoa kanisani kabisa, na pete, na shela, na karamu, halafu ukifungua daftari la serikali ni kapera.

Tuanze na maneno maana nayo yanachanganya. Comune (tamka komune) ni kijiji au mji pamoja na ofisi yake, mkuu wake ni meya, wanamwita sindaco. Ndani ya hiyo ofisi kuna kitengo cha stato civile, hao ndio wanaoandika vizazi, ndoa na vifo, sawa na msajili wa vizazi na vifo kwetu. Atto ni lile andiko lenyewe ndani ya daftari, refu, lenye majina ya wazazi na mashahidi na sahihi zao. Certificato ni kikaratasi tu unachopewa leo kinachosema fulani kamuoa fulani tarehe fulani, basi. Estratto iko hapo katikati. Mtu wa kutafuta ukoo asiombe certificato, aombe copia integrale, yaani nakala nzima ya atto, maana utamu wote uko kwenye yale maneno mengi wanayoyaruka kwenye kikaratasi.

Na kwa nini ndoa na siyo rekodi ya kuzaliwa? Kwa sababu ndoa ni moja lakini inabeba koo mbili. Ukipata atto ya ndoa umepata bwana harusi na baba yake na mama yake, bibi harusi na baba yake na mama yake, umri wa wote wawili, kazi zao, walikozaliwa, na kama wazazi wako hai au wamekufa. Halafu wanawake wa Kiitaliano kwenye rekodi hawabadilishi jina la ukoo, bibi anazaliwa Russo anaolewa Russo anazikwa Russo, kwa hiyo wale mnaosema upande wa mama haufuatiliki mnajisumbua bure, Italia ni rahisi kumfuata bibi kuliko nchi nyingi.

Kanisa ndilo lilianza. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliweka sheria kwamba ndoa lazima ifungwe mbele ya paroko (padri mkuu wa parokia) na mashahidi wawili au watatu, itangazwe kwanza siku tatu za sikukuu, na paroko awe na daftari la kuandika. Ile ya kusimama kanisani Jumapili tatu wanasema "anayejua kizuizi aseme" ambayo nyinyi Wakatoliki mnaijua vizuri, hapo ndipo ilipowekwa kuwa mara tatu. Sababu ilikuwa ndoa za siri. Mwanaume anamwambia binti tumeshaoana, wawili tu hakuna aliyewaona, kesho kutwa anakana na kuoa mwingine mjini, sasa nani atathibitisha? Lakini amri hiyo ilibidi isomwe kila parokia ndiyo ianze kufanya kazi, kwa hiyo madaftari hayakuanza siku moja, kuna parokia zina vitabu vya miaka ya 1560 na nyingine zinaanza miaka mingi baadaye, na nyingine vililiwa na panya, maji au tetemeko.

Haya madaftari ya kanisa ni ya Kilatini na mengi ni mafupi. Unakuta mistari sita: tarehe, matangazo matatu yamefanyika, hakuna kizuizi, fulani mtoto wa fulani kamuoa fulani binti wa fulani, mashahidi wawili, sahihi ya paroko. Ukiona neno quondam, au kifupi chake qm., kabla ya jina la baba, huyo baba ni marehemu. Kwa Kiitaliano wanaandika fu. Hicho kineno cha herufi mbili kina thamani, msikipite hivihivi: "Giuseppe di Antonio" maana yake Antonio yupo hai siku hiyo, "Giuseppe fu Antonio" maana yake keshazikwa. Ukiwa na ndoa mbili za ndugu wawili, ya 1832 inasema di na ya 1835 inasema fu, unajua kifo cha mzee ukitafute kati ya miaka hiyo, umeshaokoa siku nzima ya kufungua kurasa.

Pia ukikuta neno dispensa usishtuke. Vijiji vidogo watu walioana ndani kwa ndani, na kanisa lilikataza ndugu wa damu mpaka daraja la nne, kwa hiyo waliomba ruhusa kupitia askofu. Ile faili ya ruhusa, kama ipo bado kwenye kumbukumbu za jimbo la kanisa, mara nyingine ina mchoro kabisa wa ukoo kuonyesha hao wawili wanakutana kwa babu yupi. Mtu amekuchorea mti wa ukoo wako miaka 250 kabla hujazaliwa, unataka nini tena?

Serikali iliingia na Napoleon. Kuanzia 1806 hivi sehemu za Italia alizozishika zikaanza kuandika ndoa kwa meya kwa mtindo wa Kifaransa, na alipoanguka 1815 sehemu nyingi wakaliacha jambo hilo wakarudi kwa maparoko. Ila kusini, yaani ufalme wa Napoli, walianza 1809 na hawakuacha, Sicilia wakafuata 1820. Italia yenyewe kama nchi moja ilianzisha usajili wa nchi nzima 1 Januari 1866. Halafu kuna waliochelewa: Veneto ilikuwa chini ya Austria, kule utaanza kuona daftari la comune 1871, na Roma pia ni baada ya kutekwa 1870. Trento, Bolzano na Trieste ndio wa mwisho kabisa, hao walikuwa Austria mpaka vita kuu ya kwanza, kwa hiyo hata ndoa ya 1910 unaitafuta parokia.

Ndiyo maana mtu akiuliza "rekodi ya ndoa ya babu iko wapi" mimi namuuliza maswali mawili, mwaka gani, na pale palikuwa chini ya nani mwaka huo. Bila hayo ni kama kuuliza nauli ya matatu bila kusema unakwenda wapi.

Niwaonyeshe rekodi ya kusini ya baada ya Napoleon na kabla ya 1866 maana hii naipenda kuliko zote. Ni ukurasa mkubwa wa fomu iliyochapwa, mistari ya kujaza kwa wino, na umegawanywa safu mbili. Safu ya kushoto ndiyo ndefu: tarehe, saa, "mbele yetu sindaco na afisa wa stato civile wametokea", kijana miaka 24, contadino yaani mkulima, mtoto wa fulani, na binti miaka 19, kazi yake kusokota uzi, mtoto wa fulani. Mashahidi wanne. Na mwisho wanaahidi kufunga ndoa mbele ya Kanisa kwa utaratibu wa Mtaguso wa Trento. Umeona hapo? Wanaahidi. Kichwa cha karatasi kinasema solenne promessa, ahadi rasmi. Kwa meya hawakuoana, walikwenda kuahidi tu. Safu ya kulia, nyembamba, watu wengi hawaisomi kabisa, ndiyo inayosema paroko ameleta taarifa kwamba ndoa imefungwa kanisani tarehe kadhaa mbele ya mashahidi kadhaa. Tarehe ya ndoa ni ya kulia! Nimeona miti ya ukoo mingi sana kwenye intaneti imejaa tarehe za kushoto, yaani wameandika siku ya uchumba wakadhani ni siku ya harusi. Na ikiwa safu ya kulia iko tupu, hapo kuwa makini, inawezekana walighairi, au mmoja alifariki, au karani alisahau, utajua ukitafuta vizazi vya watoto.

Na nyuma ya hiyo karatasi kuna hazina nyingine wanaiita allegati, au processetti, yaani viambatanisho. Ili uahidi kuoa ilibidi ulete makaratasi: nakala ya kizazi chako, ya mwenzako, matangazo, na kama baba amekufa nakala ya kifo chake. Kisha sheria ilitaka ridhaa ya wazazi, na baba akiwa hayupo inatakiwa ridhaa ya babu, kwa hiyo kama na babu naye amekufa unaleta na cheti cha kifo cha babu. Sasa fikiria. Kijana anaoa 1821, kazaliwa 1795, wakati huo comune haikuwa na daftari lolote, kwa hiyo nakala ya kizazi imetoka kwa paroko, kanakili ubatizo kutoka kitabu chake. Cheti cha kifo cha babu nacho kinataja wazazi wa babu. Bahasha moja ya harusi ya 1821 imekupeleka mpaka watu waliozaliwa miaka ya 1720 huko, na karatasi ya kanisa umeipata ndani ya kumbukumbu za serikali bila kumbembeleza padri yeyote. Usidharau viambatanisho.

Tuje kwenye ile miaka ya vurugu, 1866 mpaka 1929. Kwetu padri akifungisha ndoa, pale pale sakristia anawajazia na fomu ya serikali, mnasaini, mmemaliza, mchungaji na shehe mwenye leseni hivyohivyo. Kwa hiyo tunadhani ni kawaida duniani kote. Italia mpya ilisema hapana, ndoa inayohesabika ni ya kwa meya tu, ya kanisani ni mambo yako na Mungu wako. Kanisa nalo likasema ndoa ya kwa meya si ndoa, Papa Pius IX alikuwa ameshaiita ukimada tangu 1852, na baada ya serikali kumnyang'anya Roma 20 Septemba 1870 ndiyo kabisa hawakutazamana. Mwananchi yuko katikati. Waliofuata pande zote mbili walioana mara mbili, asubuhi kwa meya mchana kanisani, au leo huku na wiki ijayo kule. Kwa hiyo ukikuta bibi na babu wana tarehe mbili za ndoa usianze kusema rekodi imekosewa, zote ni sahihi.

Lakini wengi, hasa maskini wa vijijini, waliishia kanisani. Machoni pa jirani wameshaoana, ya nini tena kumfuata meya ambaye huenda hata hawampendi. Wengine walikuwa na hesabu zao, mjane mwenye pensheni ya serikali akiolewa kwa meya pensheni inakatwa, akiolewa na padri tu serikali haijui kitu, mjanja huyo. Halafu umri na ridhaa: sheria ya 1865 ilitaka mwanaume awe na miaka 18 na mwanamke 15, na mwanaume chini ya miaka 25 au mwanamke chini ya 21 alihitaji ridhaa ya wazazi. Mzazi akigoma, kwa meya hamuendi.

Matokeo yake yanaonekana mtoto akizaliwa. Baba anakwenda comune kumuandikisha, karani anauliza mna cheti cha ndoa, hakuna, basi karani anaandika ile sentensi yake ya kawaida: mtoto huyu amezaliwa kwa muungano wake na "donna non coniugata, non parente né affine", yaani mwanamke asiyeolewa, asiye ndugu yake wala shemeji kwa daraja linalozuia kumtambua mtoto. Na jina la mwanamke haliandikwi! Mama yupo nyumbani ananyonyesha, kijiji kizima kinamjua, ameolewa kanisani mwaka uliopita, lakini kwenye daftari la taifa hana jina. Mtoto anaitwa figlio naturale. Wajukuu wakiiona karatasi hiyo leo wanadhani wamefumania siri ya familia. Hapana ndugu zangu, mara nyingi sana ni karani na padri tu hawaelewani. Nenda parokia, tafuta ndoa mwaka mmoja au miwili kabla ya mtoto wa kwanza, na angalia ubatizo wa mtoto huyohuyo, padri kamuandika mtoto wa ndoa, jina la mama liko hapo linang'aa.

Baadaye wengi walikwenda kwa meya, watoto wakiwa wakubwa, na kwenye atto hiyo ya ndoa utaona wanandoa wanatamka kuwatambua na kuwahalalisha watoto wao, wanatajwa mmoja mmoja na tarehe walizozaliwa. Kwa hiyo ndoa usiitafute kabla ya mtoto wa kwanza tu. Endelea mbele miaka kumi, hata ishirini.

Ugomvi uliisha 11 Februari 1929, Mussolini na Vatikani wakatia saini mkataba wa Laterani. Kuanzia hapo ndoa ya kanisani ikapewa nguvu ya serikali, padri anawasomea maharusi vifungu vya sheria kuhusu haki na wajibu wa mume na mke kisha anapeleka taarifa comune iandikwe, yaani kama kwetu. Ukiona kwenye cheti namba halafu "P. II S. A", parte 2 serie A, hiyo ni ndoa ya kanisani iliyoingizwa serikalini. Parte 1 ni waliofunga pale pale ofisini kwa meya.

Sasa porojo kidogo nizimalize haraka. Hakuna sehemu Vatikani ambako ndoa zote za Italia zimewekwa, kila parokia ina vitabu vyake na vya zamani vinaweza kuwa vimehamishiwa jimboni, na kila mkoa una kumbukumbu zake za serikali, Archivio di Stato. "Ofisi ya comune iliungua kwa hiyo basi" nayo siyo mwisho, madaftari yaliandikwa nakala mbili, moja ilibaki comune nyingine ikaenda mahakamani, na hiyo ya mahakamani ndiyo baadaye inaingia Archivio di Stato. Na ile ya kwamba jina la ukoo lilibadilishwa na maafisa wa Ellis Island babu aliposhuka New York ni hadithi tu, maafisa walisoma orodha iliyoandikwa meli ilikotoka, majina mengi yalibadilika baadaye shuleni na kazini. Wewe Italia tafuta jina la asili.

Kutafuta kwenyewe anza bure, tovuti ya Portale Antenati ya serikali ina mamilioni ya picha za madaftari, na tovuti ya FamilySearch ni bure pia. Usitegemee kuandika jina na kubonyeza tu, sehemu nyingi hazijaingizwa majina, unafungua daftari kama kitabu. Nenda kwanza mwisho wa daftari kwenye index ya mwaka, yaani orodha ya majina, na baada ya 1866 kuna index za miaka kumi kumi, 1866 mpaka 1875, na kuendelea hivyo. Mume haonekani kijijini kwake? Angalia kijiji cha mke, harusi kwa kawaida ilikuwa kwa bibi harusi.

Na miezi! Mimi mwenyewe nilipoteza wiki nzima kwa sababu ya "7bre". Nikaona saba nikasema Julai, nikapekua Julai yote, wapi. Kumbe saba kwa Kilatini ni septem, 7bre ni Septemba, 8bre Oktoba, 9bre Novemba, na Xbre ni Desemba. Nilicheka peke yangu.

Parokia waandikie Kiitaliano, barua fupi, mtu mmoja au wawili tu na miaka ya kukisia, ahidi sadaka na uitoe kweli. Padri huyo anaweza kuwa na parokia nne na misa ya mazishi kesho, sheria haimlazimishi kukujibu. Usimtumie ukoo mzima kwa siku moja.

Turudi kwa yule dada. Tulifungua index ya 1906 mpaka 1915 ya kijiji chao, upande wa ndoa, tukalikuta jina la baba wa yule mtoto wa 1903. Ndoa ya kwa meya, 1911, watoto wanne wametajwa, wa kwanza ni yule wa 1903, na mama ana jina, na baba yake ni fu. Halafu nikamwambia hebu fungua tena ile picha ya kizazi uliyonionyesha mwanzo, ukurasa mzima usiukuze. Alikuwa ameukata pembeni ili maandishi yaonekane makubwa kwenye simu. Kule kushoto kwenye ukingo, kwa mwandiko mdogo wa karani mwingine, kulikuwa na mistari mitano: amehalalishwa kwa ndoa ya wazazi wake, 1911, na jina la mama lote, la kwanza na la ukoo.